Mwaka wa Sanamu Isiyo na Uso

Mzee Sudi alizikwa Tunduma siku ya Jumatano, kabla ya alasiri, na mimi nikapata habari kesho yake nikiwa kliniki ya macho, nimewekewa yale matone ya kupanua mboni, kwa hiyo hata machozi yaliponitoka muuguzi aliona ni sehemu ya matibabu. Aliyenipigia simu ni Fundi Sikanyika. Hakupiga kunipa pole, alipiga kulalamika. Msibani, alisema, vijana walikaa chini ya turubai wakisimuliana habari za ile gesti ya marehemu, na mmoja akaapa kwamba mwaka ule sanamu ilifungua mdomo ikasema kwa Kinamwanga. "Mwalimu," akaniambia, maana mpaka leo ananiita hivyo, ingawa siku zile nilikuwa sijafundisha hata kuku kurudi bandani, "wewe ulikuwepo. Ilisema?" Nikamjibu kwamba haikusema. "Basi," akasema, akakata simu kama hakimu aliyemaliza kesi. Nimeandika makala nyingi maishani juu ya mambo ambayo sikuyaona. Hili nililiona, na sasa kwa kuwa mwenye nyumba hayupo, naona ni afadhali niliandike kabla vijana wa turubai hawajaifanya ile sanamu iimbe.

Mwaka ule nilikuwa nimemaliza kidato cha sita na nasubiri matokeo. Nilitoka upande wa Vwawa na begi moja na majivuno mengi, nikapata kazi ya mapokezi katika gesti ya Mzee Sudi, iliyokuwa inajengwa kwa mbele huku inalaza wageni kwa nyuma. Mji mzima ulikuwa hivyo. Biashara ilikuwa imefunguliwa, malori yanapanga foleni kutoka Mpemba mpaka geti la mpaka, na kila mwenye kiwanja alikuwa anapandisha kitu kabla hajajua ni kitu gani. Mzee Sudi alikuwa msafirishaji, mzaliwa wa Ujiji, mtu mfupi mwenye kofia safi kuliko shati. Aliwahi kwenda Misri kutafuta vipuri vya malori, na mwenyeji wake kule akampandisha treni ya kusini kumwonyesha mahekalu ya watu wa kale. Alirudi bila vipuri, ila na kitabu kikubwa cha picha chenye maelezo ya Kiingereza. Alitueleza kwamba alisimama katikati ya nguzo zile, nene kuliko matangi ya mafuta, akajikuta ananong'ona, na hakukuwa na mtu wa kumnong'oneza. Akaamua kwamba ukumbi wa gesti yake utakuwa hivyo. Dereva wa lori akiingia, alisema, ashushe sauti mwenyewe bila kuambiwa.

Kazi ile alimpa Fundi Sikanyika, ambaye mpaka wakati huo alijulikana Momba nzima kwa misalaba ya saruji. Ukimwona mtu kazikwa vizuri, na msalaba wenye maua pembeni, basi fundi alikuwa Sikanyika. Hakuwa mnyenyekevu hata kidogo. Jumapili baada ya ibada alikuwa akipita makaburini kukagua kazi zake kama mkulima anavyokagua mahindi, na aliwahi kuniambia kwamba wafu wa Ndalambo wanalala kwa raha kuliko walio hai wa Tunduma. Lakini Kiingereza hakujua, na kitabu kilikuwa na Kiingereza kingi. Hivyo nikawa mkalimani wa miungu. Kila jioni, wageni wakishapata funguo zao, Fundi alivuta stuli karibu na meza ya mapokezi, akanawa saruji mikononi kwa heshima ya kurasa, nami nikamsomea kwa sauti ya mtangazaji wa redio, nikipunguza mwendo kila nilipokutana na neno nisilolijua ili ionekane natafakari.

Nilimsomea kwamba hekalu la Misri lilijengwa kwa hesabu ya kumnyima mtu mwanga kidogo kidogo. Unaanza na uwanja wenye jua, unaingia kwenye msitu wa nguzo zilizochongwa kama mafunjo, kisha sakafu inapanda, dari inashuka, milango inakuwa midogo, mpaka mwisho kabisa kuna chumba cha giza ambamo anakaa mungu peke yake, sanamu ndani ya kabati. Mzee Sudi aliposikia hivyo akaagiza korido ya vyumba ipandishwe sakafu, na chumba cha mwisho kiwe cha wageni maalumu. Nilimsomea pia kwamba watu waliochongwa ukutani walichorwa uso kwa upande, jicho likiwa limekutazama, mabega yakiwa ya mbele, miguu tena ya upande. Fundi alikasirika. Aliuliza kama aliyechora aliwahi kuona mtu akitembea. Lakini alipojaribu mwenyewe kwa tindo kwenye plasta mbichi, siku ya pili akanyamaza, siku ya tatu akasema ameelewa: kila kiungo kimeonyeshwa kwa upande wake ulio kamili, ili kisikosekane. Kitabu kilisema hivyo hivyo. Kwa watu wale, mchongo ndio ungekuwa mtu mwenyewe siku zote baada ya mwili kuharibika, na ambacho hakikuchongwa, mtu huyo hatakuwa nacho kamwe.

Nyuma ya jengo kulikuwa na stoo ya saruji, na ndani ya stoo, kitandani katikati ya mifuko, alikaa mama yake Fundi. Tulimwita Bibi. Alikuwa na ugonjwa wa moyo, na mwanawe alimleta mjini ili awe karibu na kituo cha afya, kwa sababu kule kwao masika gari halipiti. Mle ndani ndimo tulimokula. Bado nauona moshi wa jiko ukipanda kwenye kenchi za paa, na ugali wa ulezi mweusi kwenye sinia, na dagaa, na siku nyingine vipande vya chikanda, ule mkate wa mizizi na karanga, ambavyo Bibi alivitafuna upande mmoja wa mdomo akivisifu na kuvilaani. Alikuwa mrembo enzi zake na hakuwa amekubali kwamba enzi zimekwisha. Alijipaka mafuta usoni asubuhi kabla ya kunywa dawa. Siku moja nilimweleza jinsi makuhani wa Misri walivyokuwa wakiiamsha sanamu alfajiri, wakaiogesha, wakaipaka mafuta, wakaivika nguo safi, wakaiwekea chakula, kisha wakafunga mlango mpaka kesho. Bibi aliacha kutafuna. "Yaani anaogeshwa, analishwa, na kazi hafanyi?" akauliza. "Huyo si mungu, mwanangu. Huyo ni mume wangu wa kwanza."

Tulicheka siku ile, lakini kicheko cha mwaka ule kilikuwa kifupi. Kulikuwa na hofu Mbozi nzima. Habari za watu kuchunwa ngozi zilikuwa bado mbichi, watu hawatembei peke yao jioni, na mgeni akiulizia njia anajibiwa kwa swali. Katika hali hiyo, mtu mwenye pesa kutoka mkoa mwingine anapandisha nguzo zenye watu wa vichwa vya ndege. Mnyiha, mwenyeji wa Mbozi, akikuona unajenga kitu asichokielewa hakuulizi, anapunguza salamu. Salamu zetu zilipungua mpaka kwenye bomba la maji wanawake wakawa wananipisha foleni, na kupishwa foleni ya maji Tunduma si heshima.

Wa kwanza kuja waziwazi alikuwa Mzee Mwampashi, mzee wa kanisa, mrefu, mkavu, mwenye baiskeli aliyoisukuma zaidi ya kuipanda. Alikaa mapokezini, akakataa chai, akamweleza Fundi uamuzi wa wazee. Fundi ametengwa na meza ya Bwana mpaka aache kuchonga miungu na aivunje aliyokwisha kuichonga. Hilo Fundi alilipokea kama mtu aliyelitarajia. Kisha Mzee Mwampashi akashusha sauti, kwa sababu mlango wa stoo ulikuwa wazi, akasema kwamba mama naye anakula jasho la kazi hiyo na analala chini ya paa hilo, na kwamba akifa miungu ile ikiwa bado imesimama, kanisa halitamzika. Kwa msomaji asiyejua, maana yake ni hii: kengele haitagongwa, mchungaji hatakuja, kwaya haitaimba, na majirani wachache watachimba wafukie kimya kimya kama wanaoficha kitu. Bibi alikuwa mwanakwaya tangu usichana wake. Alikuwa amekwisha kuchagua nyimbo za siku yake, na alibadilisha mpangilio kila wiki.

Nilimwuliza Fundi kwa nini asiache. Leo najua lilikuwa swali la mtu ambaye hajawahi kuumba kitu. Alinijibu kwanza mambo ya kituo cha afya, na chumba, na barabara ya kwao. Baadaye, akiwa amenipa mgongo, akachanganya saruji, alisema kwamba maisha yake yote amechonga kwa ajili ya watu wasioweza kuangalia. Hapa kwa mara ya kwanza mtu atapita, atainua macho. Lakini nilimwona kila asubuhi akisimama mlangoni mwa stoo kusikiliza mama yake anavyopumua kabla hajaingia, na nilijua anasikiliza kengele.

Kilichotuharibia hasa hakikutoka kanisani. Kilitokana na uungwana wa Mzee Sudi. Katikati ya ukumbi, mkabala na meza yangu, Fundi alikuwa amesimamisha kazi yake kubwa: mwanamke aliyeketi kwenye kiti cha enzi, magoti pamoja, viganja juu ya mapaja, kimo cha watu wawili, nondo na wavu wa chuma ndani, saruji juu. Alikuwa amebakiza uso. Shehe wa msikiti alikokuwa akisali Mzee Sudi alikuja, akaangalia, akashauri kwa upole kwamba Mwislamu hawezi kuweka nyumbani mwake sanamu ya kiumbe. Ama aiondoe, ama aikate kichwa, kwa kuwa kisicho na kichwa hakina uhai. Shehe alisema alichokijua na alisema vizuri. Lakini Mzee Sudi alikuwa mfanyabiashara, na hakuna bei aliyowahi kutajiwa asiombe ipunguzwe. Akatafakari siku nzima, akaja na lake: kichwa kibaki, uso usiwekwe. Kiwe laini tu, kama yai. Hapo, alisema, si kiumbe, ni umbo, kila mtu atakuwa ameridhika. Akaamuru pia nyuso za ukutani zikwanguliwe.

Nadhani hakuna mahali pengine duniani ambapo mtu angeweza kufanya kosa lile kwa nia njema kiasi kile. Sanamu yenye uso ingekuwa sanamu, watu wangeizoea. Lakini mtu mkubwa aliyeketi, mwenye kucha za vidole na mikufu shingoni, halafu pa uso pako tupu, huyo anasubiri. Mimi niliyekaa mkabala naye kutwa nzima, na ninayejidai mtu wa vitabu, nilihamisha kiti nikakaa upande. Kati ya meza yangu na chumba namba moja kulikuwa na ukuta wa ceiling board tu, na jioni moja niliwasikia madereva wawili wakivua viatu. "Lile la pale mbele halina sura," mmoja alisema. Mwenzake akajibu kwamba litapata. "Kwa nani?" Kitanda kikalia. "Kwa atakayelala karibu." Asubuhi walirudisha funguo mapema, na wote wawili walifunika nusu ya uso kwa kola za makoti, ingawa Juni ya Tunduma ina baridi na ningeweza kujidanganya kwamba ni baridi.

Aliyeendelea kulala kwetu ni Ba Chanda, mfanyabiashara wa mchele kutoka ng'ambo ya mpaka, mnene, mcheshi, aliyeniita ba sista na kumletea Bibi chikanda. Alisema mizimu ya Wabemba ina nguvu kuliko ya Misri. Tulimpa namba moja. Asubuhi moja ya upepo mkali alitoka chumbani ameshika mswaki, akataka kuniambia kitu, na maneno yakamwagika pamoja na maji. Upande wa kushoto wa uso wake ulikuwa umeshuka. Jicho halifumbi, mdomo umekwenda pembeni, shavu limelala. Alijitazama kwenye kioo cha mapokezi. Kisha akageuka taratibu, akaiangalia sanamu.

Daktari wa kituo cha afya alimweleza siku hiyo hiyo kwamba ni mshipa wa fahamu wa uso, kwamba humpata yeyote, kwamba wengi hupona. Alimpa vidonge. Lakini kabla Ba Chanda hajarudi kutoka kwa daktari, uwanja wetu ulikuwa umejaa. Sijui nani aliwaambia. Walikuja wa sokoni, wapiga debe, wanawake wa bomba la maji, na vijana wa kusukuma mizigo mpakani wenye tairi la zamani na dumu. Hawakupiga kelele. Jiwe moja lilipiga kibao cha gesti, likaanguka, hakuna aliyecheka. Mzee Sudi alitoka ofisini na nyundo kubwa ya kuvunjia zege, akasema kwa sauti ambayo sikuijua kwamba ataivunja mwenyewe sasa hivi, waingie waone. Mzee Mwampashi alikuwa amefika na baiskeli yake. Alimwambia Fundi kwamba nyundo ile inamhusu yeye, aishike, ayamalize yote asubuhi moja: umati, kanisa, na mama. Fundi akaipokea nyundo. Namkumbuka alivyoipima uzito, kwa mazoea tu, iwe ataitumia au hataitumia.

Aliyemzuia ni Ba Chanda. Alipenya umati akiwa ameshika shavu lake kwa kiganja kama mtu aliyebeba maji. "Musivunje," alisema, na ilibidi arudie mara mbili ndipo tumwelewe. "Nusu yangu imo mule." Umati ukaguna. Hakuna aliyekuwa amefikiria hilo, na mara kila mtu akaona ni kweli tupu: ukivunja kilichomeza, umevunja na kilichomezwa. Mmoja wa vijana wa tairi akasema basi achomwe mwenye nyumba. Mwingine akauliza itasaidia nini. Tukabaki hivyo, sanamu haivunjiki, haiachiki, na dumu lile limeshafunguliwa, harufu ya petroli naisikia.

Bibi alitoka kwa mlango wa nyuma. Alitembea ameshika ukuta, akipumzika kila nguzo, na alikuwa amejipaka mafuta. Aliuliza kwa sauti ya kwaya kuna nini, mwanawe akamweleza kwa Kinamwanga, kwa kifupi. Bibi akaitazama sanamu juu chini. Kisha akasema kwa Kiswahili, ili wote wasikie.

"Kwa hiyo linataka uso."

"Ndivyo wanavyosema, mama."

"Basi lipe wangu. Limrudishie huyu baba wa watu uso wake. Mimi wangu nauacha hapa hapa siku si nyingi." Akamshika Fundi mkono, ule wa nyundo. "Ila usinichonge nilivyo leo. Ukinichonga hivi nitakulaani."

Fundi alichanganya saruji mbele yao. Mzee Sudi alifungua mdomo, akamwona kijana mwenye dumu, akaufunga, akaniambia nikachote maji. Nilishika beseni siku nzima. Fundi alipanda kwenye jukwaa la mbao, akaweka niru, saruji laini ya kumalizia, kidogo kidogo, akachonga kwa mwiko mdogo na kijiko cha chai, akageuka mara kwa mara kumtazama mama yake aliyekaa chini kwenye kiti changu, akimwondolea miaka kwa macho. Mwanzoni umati ulirudi nyuma kila alipogusa. Kitabu chetu kilikuwa na picha ya kuhani akigusa mdomo wa sanamu kwa kifaa kama tezo ili ipate kula na kusema. Ndipo inapoanza kuwa mtu, kilisema. Nilimshukuru Mungu kwamba kati ya waliokuwepo ni mimi peke yangu niliyesoma ukurasa ule. Lakini mashavu yalipotokea, mwanamke mmoja wa bomba la maji akasema shavu limezidi. Mwenzake akakataa, akasema watu wa Momba ndio mashavu yao. Kijana wa tairi akashauri kidevu. Bibi akawajibu wote, akiwatukana kwa raha. Kufikia mchana watu walikuwa wanabishana kuhusu nyusi, na mtu aliyekuja kuchoma nyumba hawezi kubishana kuhusu nyusi halafu achome. Mzee Mwampashi alibaki nyuma kabisa, na baiskeli yake. Miongoni mwetu wote ni yeye tu aliyewahi kuuona uso ule ulivyokuwa, maana waliimba pamoja walipokuwa vijana. Alisubiri mpaka karibu mwisho ndipo aliposema, kwa hasira, kama mtu aliyelazimishwa, "Pua ilikuwa nyembamba zaidi." Fundi akaipunguza.

Uso wa Ba Chanda ulirudi polepole, kama daktari alivyosema, na hakuna aliyemshukuru daktari. Siku alipoweza kunywa maji bila kumwagika alikuja kunywa mbele ya sanamu, bilauri mbili, watu wakashangilia. Gesti ikajaa. Ningependa kuishia hapo, na katika makala zangu nyingi ningeishia hapo. Lakini wanawake walianza kupitia asubuhi wakienda sokoni, wakaifuta sanamu vumbi, mmoja akaipaka mafuta mashavuni kwa sababu ngozi ya saruji, alisema, inapauka. Siku nyingine nilikuta karanga kwenye viganja vyake, na kipande cha khanga kimezungushwa magotini. Niliyekuwa nimesoma habari za makuhani kwa sauti ya redio sasa nilikuwa naziangalia kutoka kwenye meza yangu, kwa gharama za watu wa Sogea, mtaa wetu. Bibi alifurahi sana, akaomba karanga ziletwe kwake kwa kuwa ndiye mwenye meno. Mzee Mwampashi alikuja, akaona mafuta. Hakukasirika, na kwa hilo niliogopa zaidi. Alimwambia Fundi kwamba wakati ule kilikuwa saruji, sasa ndiyo kimekuwa sanamu, na kwamba neno la wazee liko pale pale. Nilikuwa tayari kumdharau, lakini nilipotazama zile karanga nikaona kwamba, kwa imani yake, alikuwa na haki kabisa.

Bibi alifariki mchana, mwishoni mwa kiangazi, kati ya mifuko ya saruji, akisubiri uji upoe. Matokeo yangu yalikuwa yametoka wiki hiyo na nilikuwa nimefungasha. Fundi alimfunika, akafunga mlango wa stoo, akaja ukumbini, akakaa chini ya sanamu. Mzee Mwampashi alifika na kofia mkononi. Alitoa pole ya kweli, sauti ikamkatika, akakaa kwenye benchi la wageni. Kisha akasema kwamba kengele ipo, kwaya imeshaambiwa isubiri, na kila kitu kinategemea Fundi. Ilikuwa hivyo tu: ili amzike mama yake kwa nyimbo alizozichagua, ilimpasa kuchukua nyundo ampige mama yake usoni.

Fundi alisimama jukwaani muda mrefu, tindo mkononi. Hakuwa akilia. Mwishowe aliniuliza, bila kugeuka, kwa nini wale wa kitabuni wengi wao hawana pua. Tulikuwa tumezipita picha zile mara nyingi, nami nilikuwa nimedhani ni uchakavu. Nilifungua nikatafuta maelezo chini ya picha, nikasoma kwa sauti ambayo haikuwa ya redio. Huenda, kilisema, watu walioiogopa sanamu waliivunja pua ili isiweze kupumua; baada ya hapo haikuwa na uhai tena, ilikuwa jiwe.

"Soma tena," alisema Mzee Mwampashi.

Nikasoma tena.

"Huenda?"

"Ndivyo kilivyoandikwa, mzee."

"Wasomi," alisema. Akaangalia kofia yake. "Lakini hao wenyewe, wenye miungu yao, walihesabu kwamba imekufa."

"Ndiyo, mzee."

Alisikiliza malori yakibadilisha gia kwenye kilima cha geti. Kisha akainuka, akageukia mlango, akatupa mgongo sisi wawili. "Basi hiyo inatosha," akasema akitazama nje. "Fanya."

Lilikuwa pigo moja, dogo kuliko nilivyotegemea. Kitu kilidondoka kwenye mbao, Fundi akakiokota, akakitia mfukoni. Mzee Mwampashi hakugeuka kuangalia. Alichukua baiskeli yake, na kwa mara ya kwanza nikamwona akiipanda. Muda si mrefu kengele ikaanza.

Tulimzika siku iliyofuata, kwaya imejaa, nyimbo kwa mpangilio wake wa mwisho. Mzee Sudi alisimama na watu wake nje ya ua wa makaburi, kofia safi, mikono mbele. Ulipofika wakati wa kutupa udongo, Fundi alitoa mkono mfukoni, akainama, akajaza kiganja, akasita, akaachia. Udongo wa wengine wote uliingia kimya. Wa kwake uligonga ubao wa jeneza, mara moja, kwa sauti ya saruji. Mchungaji alisimama katikati ya sentensi. Mzee Mwampashi alikuwa ng'ambo ya kaburi; aliinua macho akanitazama mimi niliyesoma kitabu, si Fundi, akanitazama mpaka nikainamisha kichwa. Kisha akaanzisha wimbo, juu kuliko sauti yake ilivyoweza, na kwaya ikalazimika kumfuata.